Marehemu wa Somanda

Ukishuka Bariadi ukaulizia nyumba ya Justina Nabintu, utazungushwa mpaka jua likuchoshe. Ulizia Marehemu. Bodaboda wa kwanza atakupakia bila swali la pili, na njia nzima atakusimulia jinsi mama huyo alivyokufa: mara ya kwanza kwa sumu ya mke mwenza, mara ya pili kwa radi, mara ya tatu kwa kukanyagwa na ng'ombe wa mahari. Amekufa mara kumi, na mara tisa kati ya hizo jioni yake alionekana gengeni Somanda akibishana na muuza dagaa.

Ni mwongozaji wa filamu. Anazitunga, anazipiga, anazikata, kisha anazisambaza kwenye vibanda vya kurushia nyimbo kwenye simu, kuanzia Bariadi mpaka stesheni ya Malampaka. Na huku kwetu filamu isiyo na msiba ni nusu filamu. Watu wanataka walie, wapenge kamasi, warudi nyumbani wameridhika. Tatizo lilikuwa moja tu. Mwambie mtu wa Simiyu aigize mwizi, ataigiza. Aigize mchawi, atasita kidogo, atakunywa soda, ataigiza. Mwambie aingie kwenye jeneza alale afumbe macho, uone vumbi lake! Hata Mwandu, bodaboda ambaye kwenye filamu ameshaua watu kumi na wawili kwa panga la mbao, alisema waziwazi kwamba kifo hakifanyiwi mazoezi.

"Basi tokeni hapo," Justina alisema siku ile ya kwanza. Akavua viatu, akaingia mwenyewe.

Tangu siku hiyo jeneza ni lake. Analiweka sebuleni, na ndani yake anatunza mavazi ya waigizaji. Wageni wakija hukaa upande wa pili wa chumba wakilikodolea macho mpaka chai inapoa. Yeye anasema hajali. Na huyo mama akikwambia hajali, ujue anajali sana, ila hatakupa nafasi ya kuliona hilo.

Kwao ni Bukavu, Kongo. Baba yake alikuwa na studio ya picha mtaa wa Kadutu, chumba kimoja chenye pazia la maua na kiti kimoja cha kuzunguka. Humo ndimo Justina alimojifunza kushika kamera kabla hajajua kusuka nywele. Mzee alikuwa na sheria moja: picha ya mtu haichomwi. Hata mteja asipokuja kuichukua, hata akikimbia na deni, picha yake inawekwa kwenye boksi inangoja. "Mtu amekukalia mbele akakupa sura yake uitunze," alikuwa akisema. "Ukiichoma, umemchoma yeye." Vita ilipofika mtaani kwao, studio iliungua na maboksi yote, na mzee alikuwa ndani akiyaokoa. Justina alitoka Kongo na gauni moja na hana hata picha moja ya baba yake. Mpaka leo ukimuuliza mzee alifananaje, anaanza vizuri, paji la uso, masharubu, kisha anafika kwenye macho anakwama.

Kigoma alipata kazi ya kuuza chai mgahawani karibu na bandari. Ndipo akatokea Luhende, dereva wa lori kutoka Simiyu, aliyekuwa akileta mashudu ya pamba na kurudi na mawese. Luhende hakupenda chai. Alikunywa vikombe vitatu kila safari, akikunja uso kama anayemeza dawa, na mwaka haukuisha wakafunga ndoa kanisani palepale Kigoma. Kisha akampandisha lori akamleta kwao, kijiji kimoja cha kata ya Shishiyu, akamshusha mbele ya mama yake mzazi, Felisita.

Mama Felisita alimtazama mkwe wake kuanzia kichwani mpaka miguuni. Akasalimia, "Mwadila." Halafu akamgeukia mwanawe.

"Huyu ametolewa ng'ombe wangapi?"

Hakuna. Wangepelekwa wapi? Wa kuwapokea alikuwa ameungua na studio yake. Lakini nani wa kusikiliza hayo kwa Wasukuma! Kwetu mwanamke huingia kwenye ukoo akisindikizwa na kwato. Justina aliingia na lori la mawese, na kwa miaka kumi na moja aliyolima pamba pale aliitwa "wa bure". Alipalilia, alivuna, aliuguza, alizika. Bado wa bure. Mtoto naye hakupatikana, basi maneno yakapata mbolea.

Yeye na mama mkwe walibishana juu ya kila kitu. Mlenda uwe mzito au mwepesi. Kuni zipangwe wima au zilazwe. Mama Felisita akisema kushoto, Justina anakwenda kulia, na jioni wanakaa pamoja wakimenya viazi vya michembe, vile vya kukatwa na kuanikwa, na kuanza upya. Luhende alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Alikuwa mtu wa furaha yule bwana. Siku moja akamchukua mkewe nyuma ya nyumba, penye makaburi ya ukoo, akamwonyesha sehemu kwa kisigino. "Mimi hapa. Wewe hapa pembeni. Nimeshawaambia." Justina alimwambia aache uchuro.

Haikupita miaka mingi akamzika hapo. Homa ya ini ilimmaliza kwa miezi minne.

Siku ya kuanua matanga, Shigela, mdogo wake Luhende, alisimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba yuko tayari kumrithi shemeji yake. Alisema kwa upole, wala hakuwa mtu mbaya, aliona anafanya wajibu. Justina akasimama pia, na mwanamke kusimama kwenye kikao kile ilikuwa kosa tosha.

"Ng'ombe hamkutoa hata mkia," alisema, "leo mnarithi nini?"

Wee! Kikao kilichafuka. Wazee waliguna, vijana walijificha kucheka, Shigela alikaa chini shingo imemvimba. Na Mama Felisita, kwa uchungu wa kufiwa na kwa aibu ya watu, akatamka neno ambalo halikurudi tena mdomoni.

"Kama hutaki kukaa kwetu kwa utaratibu wetu, nenda kwenu."

Justina hakubisha. Mara moja tu katika maisha yake hakubisha. Alifunga begi, akapita makaburini, akasimama kwenye ile nafasi tupu pembeni ya mumewe. "Hapa nitarudi," akamwambia Shigela aliyekuwa akimfuata kwa macho. "Mpende msipende, hapa nitarudi." Akatembea mpaka barabarani.

Kwa pamba ya mwisho aliyovuna alinunua kamera iliyotumika. Akaanza na harusi, vipaimara na sherehe za kumuaga binti. Kisha akaja na filamu. Jabiri, kijana wa Kiislamu ambaye baba yake ana duka la vitenge mjini, alikuja siku moja kumrekebishia waya wa taa, na hajaondoka mpaka leo. Ndiye mpiga picha wake, ana familia yake, na anamwita Mama. Watu walisema yule Mkongo atafika wapi. Alifika. Wakasema Kiswahili chake kimepinda. Akawaandikia waigizaji maneno ya Kisukuma, wakakoma. Uhamiaji nao walimsumbua miaka, leo leta hiki, kesho leta kile, naye akawa anakwenda kila mwezi amevaa gauni la harusi za watu, mpaka wakampa karatasi yake. Kwa hiyo serikali inamtambua. Lakini Shishiyu haina dirisha la Uhamiaji.

Mwaka juzi aliugua. Alilazwa siku tano, na nesi alipokuwa akijaza fomu aliuliza, "Ndugu wa karibu ni nani?" Swali la kawaida kabisa. Justina, ambaye hajawahi kukosa jibu, alikosa. Jabiri akaandika jina lake mwenyewe. Jioni ile, dripu ikiwa mkononi, Justina aliogopa. Niseme wazi: aliogopa sana. Si kufa, kufa amezoea. Aliogopa kuzikwa na manispaa ya mahali fulani kwenye mstari wa watu wasiojulikana, wakati nafasi yake iko Shishiyu pembeni ya Luhende na magugu yanaota juu yake.

Alipotoka akaandika filamu ya kumi. *Mgeni Hana Kaburi.* Habari ya mwanamke wa mbali ambaye ukoo wa mumewe unagoma kumzika. Na akaamua, kwa ukaidi wake uleule, kwamba itapigwa kulekule, kwenye boma la Luhende.

Aliomba kwa utaratibu. Aliandika barua kwa mwenyekiti wa kijiji, ikapigwa muhuri, ikarudi na jibu la kukubaliwa. Shigela alipewa taarifa kwamba kuna watu wa video watakuja. Hakuambiwa ni nani, na siku hiyo alikuwa mashambani kama wote, maana pamba ilikuwa imepasuka na kila mkono ulikuwa unachuma. Mama Felisita naye alikuwa shambani. Boma lilikuwa tupu. Justina aliona ni bahati.

Kosa lake lilikuwa dogo tu, ila kubwa. Alitoa taarifa kwa barua, na barua haina miguu. Inakaa kwenye faili. Kilio ndicho chenye miguu. Miaka kumi na moja aliishi pale, alilijua hilo vizuri, lakini ukishakuwa na kamera mkononi unaanza kuamini kwamba dunia itakungoja useme "anza".

Saa nne asubuhi wakashusha jeneza. Justina akaingia, akajiweka pamba puani, pamba ya palepale, akafumba macho. Martha, mwanakwaya kutoka Somanda ambaye ndiye mliaji mkuu wa filamu zake zote, akaambiwa alie dakika moja na wenzake wawili. Martha akafungua koo. Sasa yule mama ana sauti! Alilia kwa Kisukuma, akataja jina, maana Justina hakubadilisha majina kwenye hadithi, "Nabintu wee, mke wa Luhende wee!", na upepo ulikuwa unaelekea mashambani.

Kwetu ukisikia kilio hutumi mtu akaulize. Unaacha ulichoshika, unakwenda. Asiyekwenda, siku yake ikifika atalia na mbwa wake. Basi dakika ya pili haijaisha watu wakaanza kumiminika, wanawake na vifuko vya pamba bado vimefungwa kiunoni, mmoja na unga kwenye beseni, mwingine na mzigo wa kuni kichwani, wanaume na majembe maana walijua kazi inayowangoja. Wakamkuta Nabintu kwenye jeneza. Hawakuuliza kamera ni ya nini. Siku hizi misiba yote inapigwa video. Wakapiga magoti, wakalia.

Jabiri akainama kama anayerekebisha kamera. "Mama, amka. Hawa ni watu wa kweli."

"Endelea kupiga," marehemu akasema bila kufungua mdomo.

Hapo alikosea, na yeye mwenyewe haukatai ukweli huo. Mwanzo alilala kwa sababu ya picha. Miaka kumi na miwili ya filamu hajawahi kupata kilio kama kile. Alitaka dakika moja zaidi, basi. Kisha akasikia mtu akivuta miguu kwa kasi ya uzee, akasikia watu wakipisha, na sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu siku ya matanga ikamwangukia juu ya uso.

"Nabintu! Mwanangu wee!" Mama Felisita alikuwa anapiga ubao wa jeneza kwa kiganja. "Nilikwambia nenda, na wewe ukaenda kweli? Siku zote ulikuwa unabisha! Mlenda ulibisha, kuni ulibisha, siku ile ungebisha ungepungukiwa nini? Nilikuwa nangoja ubishe! Sasa mimi nani atanifumba macho?"

Nani angeamka? Niambie wewe, ungeamka? Justina alilala kimya, na chozi likamtoka likateremka mpaka sikioni, wala hakuthubutu kulifuta. Aliendelea kulala dakika ishirini nzima. Angelala mpaka leo kama pamba isingemtekenya pua.

Akapiga chafya.

Sitaki kukusimulia vurugu iliyofuata, inatosha kusema uzio wa boma ulivunjika sehemu tatu, na katekista aliyekuja kuongoza sala alipatikana jioni kijiji cha pili. Walipogundua ni maigizo, hofu ikageuka hasira. Mzee mmoja alikuwa ameanguka akateguka mkono. Unga ulikuwa umemwagika. Na nyuma ya nyumba, wanaume walikuwa wameshachimba kaburi mpaka kiunoni. Kaburi lililofunguliwa halifungwi hivihivi. Ilibidi watafute mgomba waulaze humo wafukie, kila mmoja ananong'ona sala yake. Mama Felisita alimtazama mkwe wake aliyefufuka. Akafunga kanga yake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wiki iliyofuata kijiji kiliitisha dagashida, mkutano wa kimila ambao hukumu yake haikatiwi rufaa. Justina aliitwa, akaja na Jabiri. Shigela ndiye aliyesoma hukumu.

"Kilio chetu si cha kuchezewa. Tulikuja, tukakulilia, tukakuchimbia. Tumemaliza. Siku utakayokufa kweli, hapa hatoki mtu. Na nafasi ya pale kwa kaka hutaipata. Ng'ombe hawakutoka, haki hiyo huna." Akanyoosha mkono. "Lakini wazee wana huruma. Toa hiyo kadi ya kamera tuichome hapa hapa motoni, uombe msamaha, mambo yaishe. Ukifanya hivyo utazikwa na mumeo. Chagua. Kadi au kaburi."

Moto ulikuwa umeshawashwa. Justina aliutazama. Kadi ilikuwa kwenye pochi yake, kitu kidogo kama ukucha, na humo ndani kulikuwa na mama mkwe wake akimwita mwanangu. Alitamani kaburi lile kuliko kitu chochote duniani. Lakini aliuona na moto mwingine, wa Kadutu, na mzee akirudi ndani kwa ajili ya maboksi.

"Msamaha naomba," alisema, akapiga magoti mbele ya watu wote, na aliyemfahamu alijua magoti yale hayakuwa ya filamu. "Niliwatia hofu, niliwaliza bure. Mzee aliyeteguka nitamuuguza mimi. Ni kosa langu." Kisha akasimama, akajikung'uta vumbi. "Kadi sitoi."

"Umechagua mwenyewe," Shigela akasema.

"Sijachagua. Kwenye kesi ushahidi hutazamwa kwanza ndipo uchomwe. Nyie hamjautazama. Mtanihukumu kwa picha ambayo hamjaiona? Leteni macho yenu, kisha nikateni shingo kama mnataka."

Wazee wakanong'onezana. Ukweli ni kwamba walitaka kujiona. Nani asingetaka? Wakakubali.

Wakaingia kwenye ghala la pamba, mchana uleule, wakafunga milango na kuziba nyufa kwa magunia. Jabiri akatundika shuka jeupe, akawasha mashine ya kuonyeshea filamu waliyokuja nayo. Watu wakakaa juu ya marobota, wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na Mama Felisita akaletewa kigoda mbele kabisa. Tangu siku ile alikuwa hajamsemesha Justina.

Mwanzo walicheka. "Huyo ni mimi? Mbona nimekonda!" "Tazama yule Mwandu wa filamu anavyojifanya analia!" Kisha kwenye shuka akatokea Mama Felisita akipiga ubao wa jeneza, na vicheko vikakatika. Nilikuwa nangoja ubishe. Maneno yakatoka kwenye spika makubwa, yakapiga mabati. Mama Felisita alijitazama bila kupepesa.

Lakini Jabiri alikuwa na picha nyingine, aliyoipiga kwa simu alipokwenda nyuma ya nyumba kutafuta mahali pa kujificha. Justina mwenyewe alikuwa ameiona mara moja tu, juzi yake, na hakulala. Wanaume wanne na majembe, hawajui waanzie wapi. Mmoja anauliza, huyu achimbiwe wapi, si hakutolewa ng'ombe? Na Shigela anatokea upande wa kushoto, macho mekundu, anamnyang'anya jembe.

"Pembeni ya kaka!" Shigela wa kwenye shuka akasema. "Mnauliza nini? Huyu ni shemeji yangu, ng'ombe au si ng'ombe. Chimbeni hapa." Na akapiga jembe la kwanza mwenyewe.

Jabiri akazima mashine, akamrudishia Justina kadi. Mtu akafungua mlango, mwanga ukaingia, na kila jicho likamtafuta Shigela, ambaye alikuwa anatafuta pa kuweka mikono yake.

"Nilisema vile kwa sababu nilidhani amekufa!" akafoka.

"Kwa hiyo ili awe shemeji yako ni lazima afe?" Mama Felisita akauliza.

Wanawake wakaangua kicheko. Shigela akapaza sauti kuwashinda: hukumu ni hukumu, dagashida haimezi maneno yake, tumeshamlilia na tumeshamchimbia, na mtu hazikwi mara mbili. Kadi iende motoni, la sivyo yamekwisha.

Justina alishika pochi yake kwa mikono miwili. "Hii ndiyo picha pekee niliyonayo ya watu wangu," alisema. "Baba sina, mama sina, mume sina. Nina nyie mlio humu ndani ya kadi. Nitupeni mnapotaka nikifa, nitupeni hata porini kwa fisi. Sichomi."

Mama Felisita akainuka kwenye kigoda. Ilimchukua muda, magoti yake hayamtii tena, na hakutaka kushikwa. Akamwendea Shigela mpaka karibu kabisa.

"Wewe umesema mmeshamlilia."

"Ndiyo, mama."

"Mkamchimbia."

"Ndiyo."

"Na dagashida haimezi maneno yake."

"Haimezi."

"Mlimchimbia wapi?"

Shigela akautazama mlango.

"Wote mmeona hapa, mlimchimbia kwa Luhende, na wewe ndiye uliyepiga jembe la kwanza. Nyie wenyewe mnasema mtu hazikwi mara mbili. Sawa. Huyu kwenu ameshazikwa, na amezikwa na ukoo wake, pembeni ya mume wake. Mgomba mlioulaza pale unamshikia nafasi. Nani atafukua?" Akawatazama wazee mmoja mmoja. "Nauliza, nani atafukua kaburi la ukoo wangu? Ajitokeze nimwone."

Hakujitokeza mtu. Mzee wa mwisho kwenye mstari alikohoa akasema kwamba, kwa kweli, hukumu ilivyo, mama ana hoja. Shigela alitoka nje bila kuaga. Na mpaka leo anamsalimia Justina kwa kichwa tu, na siku filamu ilipotoka inasemekana aliitazama Malampaka, kibandani, amevaa kofia.

Mama Felisita akamgeukia mkwe wake.

"Na wewe. Uliyasikia niliyosema juu ya hilo sanduku lako?"

"Niliyasikia yote, mama."

"Ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Siku ile ya matanga ulinyamaza, siku hii tena umenyamaza. Unabisha na dunia nzima, mimi tu ndiye hunibishii! Hivi una akili sawasawa?"

"Mlenda wako ni mzito mno," Justina akasema huku analia. "Hata leo nasema. Haumezeki."

"Hujui kula," akajibu mama mkwe, na akamshika mkono, wakatoka ghalani hivyo.

Filamu ya kumi na moja waliipiga mwezi wa kumi, palepale bomani, na safari hii mjumbe alipita kila kitongoji akitangaza kwa mdomo. Watu walijaa hata hivyo. Jeneza likawekwa kwenye viti viwili, Martha akasafisha koo, Jabiri akasema yuko tayari. Justina akavua viatu, akashika ukingo wa jeneza, na hapo akasikia fimbo ikimgonga begani.

Mama Felisita alikuwa amevaa gauni lake la Pasaka na kitambaa cheupe kichwani.

"Toka hapo," alisema. "Umekufa mara kumi, inatosha. Nishikeni niingie."

"Mama, si mwiko?"

"Mwiko wa nani? Mimi nina miaka themanini na mbili, mwiko nimeuzaa mimi." Akainuliwa na Mwandu na Jabiri, akalazwa, akajinyoosha, akatengeneza kitambaa chake vizuri. Kisha akafungua jicho moja. "Nabintu, wewe ndiye unifumbe macho. Hebu fanya nione kama unajua."

Justina akanyoosha mkono, akayafumba yale macho, polepole, la kulia kisha la kushoto. Akaacha kiganja pale juu.

"Sawasawa," marehemu akasema. "Sasa lieni. Na mlie vizuri, nasikiliza."